Mke wangu amemaliza mionzi, lakini hataki nimguse

Shangazi, pokea salamu zangu.

Nina miaka 47, ni mkazi wa Busia, upande wa Uganda. Nauza spea za baiskeli na za bodaboda. Mke wangu ana miaka 41, alikuwa na meza ya vitenge sokoni. Tumeoana miaka 21 na Mungu ametujalia watoto wanne. Wa kwanza ana miaka 19, kitindamimba ni msichana wa miaka 10, yuko darasa la nne.

Mwaka juzi mke wangu alianza kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa. Kidogo tu, doa kwenye shuka. Baadaye ikawa inatoka hata siku ambazo hatujakutana, ikafuatana na maji yenye harufu na maumivu ya kiuno. Alikwenda kliniki moja ya hapa mjini, akapewa vidonge. Akarudi, akapewa vingine, safari hii na mimi nikaambiwa nimeze, eti ni ugonjwa wa zinaa. Tulikwenda hivyo miezi minane. Hakuna hata siku moja aliyolazwa kitandani akaangaliwa.

Siku moja kina mama wa mtaa wakatangaziwa kwamba kuna kipimo cha bure, kile cha kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi kutafuta dalili za kansa, akaenda na dada yake. Nesi alipomtazama tu alimshika mkono, akamwambia, "Mama, siki si yako. Wewe ni wa daktari, na ni wiki hii hii." Akakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa maabara, majibu yakachukua wiki tatu. Kansa ya mlango wa kizazi. Kampala wakampiga picha na skani, wakasema imefika hatua ya 2B.

Alipigwa mionzi siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na kila wiki dripu moja ya dawa. Baadaye ikaja mionzi ya ndani. Alilala kwa binamu yangu Kawempe. Niliuza pikipiki yangu ili nauli, chakula na dawa visikatike. Mimi nilikuwa nikienda Jumamosi jioni na kurudi Jumapili usiku, maana duka ndilo lililokuwa likitulisha, kwa hiyo siku alizokuwa akizungumza na madaktari sikuwapo. Alimaliza. Huu ni mwezi wa saba. Walimpima wakasema uvimbe umeondoka. Nilichinja mbuzi, nikajua yamekwisha.

Shangazi, hayajakwisha. Tangu arudi hataki nimguse. Tumejaribu mara mbili. Ya kwanza alilia kwa maumivu, ya pili ikatoka damu, akaogopa, na mimi nikaogopa. Usiku anaitupa shuka, anatoka nje saa nane, anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nikimuuliza ananijibu neno moja: nimechoka. Sokoni hataki kurudi. Harusi ya mpwa wangu alikataa kwenda, akasema tumbo. Hedhi haijarudi.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta karatasi ya kliniki kwenye mkoba aliotoka nao Kampala. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kitenge, nikakuta kitu cha plastiki nyeupe, laini, kinene kama ule mshumaa tunaowasha umeme ukikatika, ncha yake ya mviringo. Kando yake tyubu ya jeli imefinywa nusu, na kondomu tatu. Sisi hatujawahi kutumia kondomu. Nilikaa juu ya kitanda mpaka adhana ya alasiri, kisha nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Sijamwambia.

Mama yangu anasema kansa hii huwapata wanawake waliotembea nje. Anasema pia kwamba mwanamke aliyepigwa mionzi hubaki na moto ndani, mume akimwingilia ataungua yeye. Ananihimiza nioe mwingine. Ndugu yangu anauliza kwa nini hawakutoa kizazi, kama alivyofanyiwa shemeji yake, mambo yakaisha. Na juzi shule imeleta habari ya chanjo kwa binti yetu. Mama anasema akichanjwa hatazaa.

Mke wangu nampenda. Lakini silali. Niambie: aliipata wapi? Je, imerudi? Na kile kitu ni cha nini?

Baba wa wanne, Busia

*

Baba wa wanne,

Naanza na kile kitu cha plastiki, maana najua macho yako yamekitafuta hicho kwanza. Ni kifaa cha tiba. Tunakiita kipanuzi, na wanawake waliopigwa mionzi ya nyonga hupewa na nesi pamoja na jeli. Kondomu huvishwa juu yake ili kibaki safi na kiteleze. Mimi nilikuwa nesi kwa miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na vipanuzi nimevigawa kwa mkono wangu. Namwonyesha mama namna ya kulala chali magoti yakiwa juu, apake jeli, aingize taratibu mpaka panapokataa, atulie dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa wiki. Wengi wao husikiliza macho yakiwa sakafuni. Kisha hukifunga kwenye kitambaa, na kabla hawajafika mlangoni kimeshasukumwa chini kabisa ya mkoba.

Sasa irudie ile tyubu uliyoiona. Ilikuwa imefinywa nusu. Mkeo anajitibu, peke yake, mchana pengine ukiwa dukani na watoto wakiwa shule, huku akiumia na bila wa kumwambia. Ulichokikuta kwenye mkoba ni bidii yake.

Nikueleze kwa nini kinahitajika. Mlango wa kizazi umekaa katikati ya watu, kama nyumba iliyojengwa sokoni. Mbele yake kuna kibofu cha mkojo, nyuma kuna utumbo wa haja kubwa, chini kuna uke, pembeni kuna vifuko vya mayai, na kati ya kimoja na kingine ni unene wa kidole tu. Mionzi hupimwa na kuelekezwa kwa uangalifu mkubwa, lakini majirani hawa hawakwepi kuguswa. Ukuta wa uke ukiwa mzima una mikunjo laini, kama ile ya gomesi, gauni la kina mama wa Uganda, pale inapofungwa kiunoni, ukiuvuta unanyooka na ukiuachia unarudi. Baada ya mionzi mikunjo hupungua, ngozi ya ndani huwa nyembamba na kavu, na kovu huanza kuzivuta kuta zishikane. Zikiachwa zinaweza kushikana hata daktari ashindwe kuingiza kifaa chake cha kupimia. Ndiyo sababu ya kipanuzi. Mara ile ya kwanza aliyolia, alikuwa anaumia kweli kweli, kama anavyoumia mtu ukimgusa kidonda kilichoanza kufunga.

Kisha vile vifuko vya mayai. Wiki tano za mionzi ya nyonga huvizima. Hedhi ya mkeo haijarudi na haitarudi, na mimba haitaingia tena. Kama hamkuambiwa mkiwa pamoja, basi nakuambia mimi leo, na samahani kwamba unaipata kwa barua. Wanawake wengine huufikia ukomo wa hedhi kwa mwendo wa miaka kadhaa, karibu na 50, mwili ukizoea kidogo kidogo. Mkeo amefikishwa huko kwa wiki chache akiwa na miaka 41. Anapoitupa shuka saa nane za usiku, moto umempanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho limemtoka, moyo unamwenda mbio, na dakika chache baadaye anatetemeka kwa baridi. Ngazi ya mlango wa nyuma bila shaka ni ya saruji, na saruji usiku ina baridi. Ndicho anachokifuata pale.

Dawa ya hilo ipo na muiulizie. Kwa aina ya kansa hii inayowapata walio wengi, ile ya seli bapa, daktari anaweza kumpa homoni za kurudisha kilichozimwa, na kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 45 zinasaidia hata mifupa na moyo. Kwa kuwa kizazi chake bado kipo, zitahitajika za aina mbili pamoja. Aina yake ya kansa imeandikwa kwenye majibu ya kile kinyama, msiyaache nyumbani. Asizinunue kwenye duka la dawa kwa kusikia tu.

Umeandika kwamba hataki kurudi sokoni na kwamba harusi aliikataa akasema tumbo. Muulize choo kiko umbali gani kutoka kwenye meza yake ya vitenge. Mionzi huuacha utumbo wa chini ukiwa mwepesi wa kukasirika. Haja inakuja ghafla, haingoji, na mama mzima wa miaka 41 akichafuka mara moja mbele ya wateja hatarudi tena hapo hata umsihi vipi. Nimeona wanawake wakilizungumzia la kitandani kwa urahisi kuliko hili. Yapo mengine ya namna hiyo: mkojo wa mara kwa mara unaochoma, na uchovu ambao usingizi hauuondoi na ambao kwa wengine hukaa miezi mingi. Ile dripu ya kila wiki nayo inaweza kuacha ganzi vidoleni au mlio masikioni. Anapokujibu "nimechoka," msadiki. Ni jibu kamili. Kwa tumbo, ajaribu kuona ni chakula gani kinachomsumbua, kwa wengi ni maziwa, maharage na pilipili, na kliniki wanazo dawa za kulituliza.

Swali lako la pili, kama imerudi. Damu kidogo baada ya kukutana, kwa ngozi iliyopigwa mionzi, mara nyingi hutoka kwenye vimishipa vyembamba vinavyokatika upesi. Lakini damu ndiyo iliyokuwa dalili ya kwanza ya ugonjwa wenyewe, kwa hiyo haipewi jina na mtu yeyote mpaka daktari amtazame kwa macho, na akiona haja, akate kipande cha nyama tena kikapimwe. Msiisubiri tarehe kama iko mbali. Nendeni mapema mueleze ilivyokuwa. Kansa hii ikitaka kurudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza, na ndiyo maana wakati huo mgonjwa huitwa kila baada ya miezi michache. Hata akijiona mzima asiruke kliniki. Na akivimba mguu mmoja, au maumivu ya kiuno yakashuka mpaka mguuni, au damu ikawa nyingi, au akaona damu kwenye choo au mkojo, au mkojo ama choo kikapitia ukeni, au akaanza kukonda bila sababu, siku hiyo hiyo aende hospitali.

Sasa maneno ya mama. Najua ni mama na sitakuambia ubishane naye.

Hakuna moto uliobaki. Mionzi ya nje ni kama mwanga wa tochi, mashine ikizimwa hakuna kinachobaki mwilini. Ile ya ndani hutoka kwenye kipunje kidogo kilicho kwenye ncha ya waya: mashine inakipitisha kwenye mrija, kinakaa dakika chache, kisha kinarudi kwenye kasha lake zito kule kule chumbani. Mkeo alitoka hospitali hana chochote ndani yake. Anaweza kumpakata mtoto mchanga, anaweza kulala na wewe. Na kansa yenyewe haiambukizi. Huwezi kuipata kwa kumwingilia.

Kinachoambukiza ni kirusi, na hapo ndipo pana kazi, maana swali lako la kwanza liko hapo. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi huanzia kwa kirusi cha papiloma, kinachoitwa HPV. Aliyetangulia kulionyesha hilo ni Mjerumani Harald zur Hausen, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa tendo la ndoa, na ni cha kawaida kupita kiasi: walio wengi kati ya watu wanaofanya tendo hilo, wake kwa waume, hukipata wakati fulani maishani. Hakiumi wala hakiwashi. Kwa wengi mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka 2. Kwa wachache kinabaki, kinazibadilisha seli polepole, na kutoka hapo mpaka kansa huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, miaka 5 hadi 10 kwa aliyedhoofika, kwa mfano mwenye HIV asiyetumia dawa.

Piga hesabu mwenyewe. Mkeo ana miaka 41. Kirusi kilichomletea hatua ya 2B huenda kiliingia akiwa na miaka 20, mwaka uliomwoa. Wewe ulikuwa na 26. Sikuulizi uliishi vipi kabla ya hapo, lakini mwanamume hubeba kirusi hiki bila dalili yoyote, na anaweza kumpelekea bikira usiku wa harusi. Hakuna kipimo kitakachosema kilitoka kwa nani wala mwaka gani. Kwa hiyo swali "aliipata wapi" halina jibu mahakamani wala hospitalini, na ukilibeba kitandani litakaa kati yenu bure. Hata hapa Uganda, wilayani Rakai, ambako watafiti waliwafuatilia wanaume na wake zao kwa miaka, walikuta kwamba tohara inapunguza kirusi hiki kwa mwanamume na pia kwa mkewe. Nakutajia ili uone kwamba wanaume mmo ndani ya habari hii, hata kama mwili unaougua ni wa mwanamke.

Uganda ugonjwa huu ndio unaoongoza kati ya kansa za wanawake. Kila mwaka karibu wanawake 7,000 huambiwa wanao, na zaidi ya 4,000 hufa. Nimewauguza wake wa masheikh na wa wachungaji, na bibi wa miaka 70 aliyemjua mwanamume mmoja tu. Mweleze mama hivyo, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili, na umwambie kwamba neno alilolisema likimfikia mkwewe litamfanyia vibaya kuliko mionzi.

Ndugu yako naye asimpotoshe mtu. Kizazi hutolewa ugonjwa ukiwa bado umejifungia kwenye mlango wake. Hatua ya 2B maana yake umeshavuka ukaingia kwenye nyama za pembeni, na pale kisu hakiwezi kuufikia wote; kingeacha mabaki. Mionzi pamoja na dripu ndiyo tiba yenyewe ya hatua hiyo, na hutolewa kwa nia ya kuponya. Ina sharti moja gumu, kwamba yote, ya nje na ya ndani, imalizike ndani ya wiki 8. Ikikatika katikati, uvimbe unapata nafasi ya kuota upya. Wengi hukatika, na sababu huwa nauli na mahali pa kulala. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwa nchini iliharibika, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Katikati hapo kuna waliovuka mpaka wako wa Busia kwenda kutibiwa Nairobi, na kuna waliorudi vijijini. Mimi ninapomfikiria mwanamume aliyeuza pikipiki ili mkewe asikose hata siku moja kati ya 25, nakuona umefanya jambo ambalo hakuna dawa ingefanya badala yake.

Kuhusu ile kliniki ya miezi minane, hasira yako ni ya haki na yangu pia. Mwanamke anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa anastahili kulazwa kitandani, taa iwashwe, mlango wa kizazi utazamwe. Ni dakika chache. Vidonge juu ya vidonge bila kutazama ni kuupa ugonjwa muda. Tafadhali waambie dada zake mkeo, na wanawake wote wa ukoo wako wenye miaka 30 na zaidi, waende kwenye kile kipimo wakiwa hawaumwi. Mwenye HIV aanze akiwa na miaka 25, maana hatari yake ni mara 6. Siki ikipakwa, sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe, na madoa mengi ya namna hiyo huchomwa siku hiyo hiyo mama akarudi kupika. Siku hizi kuna hata kipimo cha kirusi ambacho mwanamke huchukua sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba.

Na binti achanjwe. Chanjo hii ya kuzuia HPV ilianza kwa majaribio katika wilaya za Ibanda na Nakasongola mwaka 2008, na tangu 2015 inatolewa bure nchi nzima kwa wasichana wa miaka 10, kwa hiyo wale wa mwanzo sasa ni wanawake wazima. Ndani yake hamna kirusi, mna ganda lake tu, linaloufundisha mwili kumtambua adui kabla hajabisha hodi. Inazuia aina namba 16 na 18, ambazo ndizo zinazoleta kansa 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi. Haigusi uzazi. Mama anaogopa mjukuu asizae, na hofu hiyo naiheshimu. Mwambie kilichomzuia mkwewe asizae tena ni ugonjwa huu, na sindano hii ndiyo ya kuuzuia.

Habari ya kuoa mwingine. Dini yako inakuruhusu na mimi si kadhi. Ila ulipoandika barua hii ulikuwa unadhani amekukataa, na kwamba huenda amekusaliti. Sasa unajua hakukukataa. Subiri mpaka mmezungumza.

Na mzungumze namna hii. Anza kwa kukiri kwamba ulifungua mkoba ukitafuta karatasi. Usimfiche, maana atajua. Wanawake hujua kitambaa kilivyokunjwa. Mwambie umeuliza, ukaelezwa ni cha nini, na kwamba unasikitika alikuwa akifanya peke yake. Kisha nyamaza. Huenda akalia, huenda akakasirika, vyote mwachie. Kwa majirani zetu Waganda yuko ssenga, shangazi anayemfunda bibi harusi mambo ya chumbani, lakini hata ssenga hakufundwa la kumwambia mwanamke anayetoka kwenye mionzi. Mtajifunza wawili.

Akishapimwa na kuambiwa ni salama, rudini polepole. Siku nyingi za mwanzo ziwe za kulala mmekumbatiana tu, na aelewe hivyo kabla hajapanda kitandani, asije akajikaza akisubiri maumivu. Siku akitaka zaidi, jeli itumike kwa wingi, ile ya maji isiyo na manukato. Mafuta ya kupaka hupasua kondomu. Yeye ndiye achague mkao, yeye ndiye aamue kina, na akisema basi iwe basi bila uso kukunjika. Wengi hurudia raha yao. Inachukua miezi, na ukavu unaweza kubaki, kuna krimu ya homoni ya ndani ambayo daktari anaweza kuiandika.

Siku ya kliniki funga duka. Sijali ni siku ya gulio. Mwombe nesi awakalishe wote wawili na umuulize mbele ya mkeo: damu ile ni ya nini, homoni zinamfaa, tumbo lipewe dawa gani, kipanuzi aendelee mpaka lini. Kwenye basi la alfajiri mchukulie kiti cha karibu na mlango ili aweze kumsimamisha dereva, na usimuulize kwa nini anakwenda bila kunywa chai. Weka kitenge cha pili na karatasi za chooni ndani ya ule mkoba, na mkoba ubebe wewe.